Ua la kengele: Pambo chunguni, balaa mashambani

HUENDA unao hapo nyumbani na jina lake hulijui. Jirani alikupa kijiche kisichozidi urefu wa kidole, ukakidunga ndani ya mkebe uliotobolewa chini, ukauweka mkebe dirishani na kuusahau. Wiki tatu zikapita bila tone la maji. Siku uliyokumbuka kuutazama ulidhani utakuta kijiti kikavu, kumbe mmea umeshazaa! Ncha za majani zimejaa vitoto vya kijani, na vingine vimekwisha kudondoka na kutia mizizi ndani ya chungu cha waridi kilicho karibu.

Baadaye shina hilo likirefuka na kuchanua, kila mgeni atakuuliza umelitoa wapi ua hilo. Huwa ni shada la maua mekundu yaliyokaribia rangi ya chungwa, yote yameinamisha vichwa kama kengele ndogo zinazosubiri kupigwa.

Mpenzi msomaji, mmea huo ni wa jamii ya brayofilamu. Mwanafunzi wa shule ya upili ataitambua mara moja jamii hiyo, kwani ndiyo inayotolewa mfano mwalimu wa bayolojia anapoeleza jinsi mimea inavyoweza kuzaana bila mbegu. Ni mmea unaomfaa sana mkazi wa mjini asiye na shamba wala nafasi ya kumwagilia maji kila jioni.

Lakini wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Yale yale yanayoufanya mmea huu upendwe mjini ndiyo yanayoufanya uwe adui ukifika penye mbuzi na ng'ombe. Kwa sababu hiyo makala haya yanakueleza mambo mawili kwa pamoja: namna ya kuukuza ukapendeza, na namna ya kuufunga usitoroke.

UTAUTAMBUAJE?

Mimea ya jamii hii ni mingi, lakini mitatu ndiyo inayopatikana sana katika nyumba na bustani za watu. Yote inahusishwa na kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini.

Wa kwanza, na ndio hasa tunaouzungumzia leo, wataalamu huuita Kalanchoe delagoensis. Majani yake ni ya mviringo kama penseli nyembamba, yana rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani au kahawia, nayo yamejaa madoadoa meusi. Vitoto huota kwenye ncha ya jani. Shina lake husimama wima na linaweza kufikia urefu wa mita moja au zaidi. Jina hilo la delagoensis limetokana na Delagoa, jina la zamani la ghuba ya Maputo nchini Msumbiji, ingawa mmea wenyewe kwao ni Madagaska.

Wa pili ni Kalanchoe daigremontiana. Majani yake ni mapana na yamechongoka mbele kama ncha ya mkuki. Vitoto vyake hujipanga kandokando ya jani zima kama meno ya msumeno.

Wa tatu ni Kalanchoe pinnata, ule unaochorwa vitabuni. Majani yake ni manene na yana ukingo wenye vipengee. Kwa kawaida vitoto havitoki mpaka jani lidondoke au lichumwe. Ukilichuma jani moja ukaliweka juu ya sahani tupu, bila udongo, baada ya siku kadhaa litaanza kuchipuza pembeni. Mshairi mashuhuri wa Ujerumani, Goethe, aliyefariki mwaka 1832, alivutiwa mno na mmea huu hata akawa anawapelekea marafiki zake majani yake kama zawadi. Hadi leo wapo Wajerumani wanaouita mmea wa Goethe.

Usishangae pia ukikutana na mmea unaofanana na wa kwanza na wa pili kwa pamoja. Katika miaka ya 1930 huko California, Marekani, mkuzaji wa mimea aliyeitwa Houghton aliichanganya mimea hiyo miwili akapata chotara, na chotara huyo ameenea nchi nyingi za joto.

Alama inayoiunganisha mimea hii ni hizo kengele. Maua yake huning'inia yakitazama chini. Kalanchoe nyingine, zikiwemo zile zinazomea zenyewe katika pori la Kenya, huwa na maua yanayosimama yakitazama juu, na majani yake hayazai vitoto. Kumbuka alama hiyo, kwani itakusaidia kujua ni upi wa kuogopwa na ni upi wa kuachwa uendelee na maisha yake.

KUUKUZA SI KAZI

Tuanze na chungu. Chungu cha udongo kilichofinyangwa ndicho bora kwa kuwa hupitisha hewa na hukauka upesi, lakini hata mkebe wa mafuta ya kupikia utafaa. Jambo moja tu la lazima: kiwe na matundu chini. Mmea huu hustahimili kiu, njaa na jua kali, lakini mizizi yake ikikaa ndani ya maji huoza.

Udongo wake usiwe ule mzito mweusi unaoshika maji na kufinyangika kama ugali. Chukua sehemu mbili za mchanga wa mto au kokoto ndogo sana, sehemu moja ya udongo wa kawaida wa bustani na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Changanya vizuri, jaza chungu, na uache nafasi ya vidole viwili juu.

Chukua vitoto vitatu au vinne kutoka kwenye jani na uviweke juu ya udongo. Usivizike. Vinyunyizie maji kidogo tu, na baada ya siku chache utaona vimeshika udongo kwa mizizi yake myembamba kama nywele. Vikifikia urefu wa kidole, chagua viwili vyenye nguvu na ung'oe vilivyobaki.

Weka chungu mahali panapopata jua angalau nusu ya siku. Roshani inayotazama mashariki au dirisha lisilozibwa na jengo la jirani litatosha. Mmea ukikosa mwanga hurefuka kwa kulegea, ukaegemea upande kama mlevi, na usitoe maua.

Maji uupe mara moja kwa wiki au kila baada ya siku kumi, na uhakikishe kwanza kuwa udongo umekauka. Dunga kidole ndani ya udongo. Ukihisi unyevu, subiri. Katika baridi ya Julai jijini Nairobi, mara mbili kwa mwezi inatosha. Mbolea si lazima. Ukitaka, weka konzi moja ya mboji mvua za masika zinapoanza.

Wadudu wake ni wachache. Ukiona kitu cheupe kama pamba kimejificha penye maungio ya majani, hao ni wadudu wanaofyonza maji ya mmea. Wafute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni, urudie baada ya wiki.

Kwa kawaida mmea huchanua unapokomaa, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au miwili. Shina lililochanua hufa maua yanapokwisha, hivyo usihuzunike ukiliona linakauka. Limeshaacha warithi wa kutosha.

SIRI YA KUTOKUFA

Mwanafunzi atauliza: mmea huu unawezaje kuishi majuma kadhaa bila maji na bado ukawa na nguvu za kuzaa?

Siri ya kwanza imo majani mwake. Majani hayo ni manene kwa sababu ni matangi ya maji. Siri ya pili ni ya ajabu zaidi. Mimea mingi hufungua vitundu vidogo vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni inayotengenezea chakula, na vitundu vikiwa wazi juani, maji mengi hupotea. Brayofilamu hufanya kinyume. Hufungua vitundu vyake usiku penye ubaridi, ikavuta hewa hiyo na kuihifadhi majanini katika umbo la asidi. Kukipambazuka hufunga milango, ikaitumia akiba hiyo kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa India, aliandika kwamba majani ya mmea wa jamii hii yalikuwa makali kwa uchachu asubuhi, yakapoteza ladha ifikapo adhuhuri, na jioni yakawa na uchungu kidogo. Leo tunajua alikuwa akiionja asidi ya usiku ikipungua mchana. Yeye alionja, wewe usionje. Utaona sababu hivi punde.

Siri ya tatu ndiyo hiyo ya vitoto. Kila kimoja ni mmea kamili, na majani na mizizi yake, kabla hata hakijagusa udongo. Hakihitaji nyuki wala mwenzi. Kikisukumwa na upepo, kikanaswa na manyoya ya mbwa, au kikasombwa na maji ya mvua, kitaanza maisha popote kitakapotua. Hata jani lililovunjika laweza kuota. Tena, kana kwamba hayo hayatoshi, maua nayo hutoa mbegu nyingi ndogo kama vumbi, ambazo zaweza kukaa udongoni miaka kadhaa kabla ya kuota.

Ndiyo maana utaukuta mmea huu katika mahali ambapo hakuna aliyeupanda: juu ya vigae vya paa, ndani ya mifereji ya kukingia maji ya mvua, katika nyufa za ukuta, na kandokando ya mitaro.

PAMBO LINAPOGEUKA BALAA

Tatizo lingekuwa dogo kama mmea huu ungekuwa gugu tu. Ubaya wake ni kwamba una sumu.

Sehemu zake zote zina kemikali ziitwazo bufadienolaidi, za jamii moja na zile zinazopatikana katika sumu ya baadhi ya vyura. Kemikali hizi hushambulia moyo. Maua ndiyo yenye sumu kali zaidi. Mnyama aliyekula mmea huu huharisha, hudondokwa na mate, hulegea, na moyo wake hupiga ovyo. Akila kwa wingi, hufa.

Hayo si maneno ya kutishana. Mwaka 1997, karibu na mji wa Moree katika jimbo la New South Wales nchini Australia, ng'ombe 125 walikufa baada ya kula Kalanchoe delagoensis iliyokuwa imeota katika malisho ya kando ya njia ya kuswagia mifugo. Mmea huo ulifika Australia kama pambo la bustani, vivi hivi ulivyofika dirishani kwako. Ukatoroka, ukafuata mito na mafuriko, ukayavamia malisho. Hii leo katika jimbo la Queensland sheria inakataza kuuza mmea huu na hata kumpa mtu bure. Afrika Kusini nayo imeuweka katika orodha ya mimea vamizi isiyoruhusiwa kupandwa wala kuuzwa.

Huko Afrika Kusini wafugaji wana kisa kingine. Mimea ya ukoo huu huu, inayomea huko kiasili, huwaletea mbuzi na kondoo ugonjwa waliouita krimpsiekte. Mnyama hula kidogo kidogo kwa siku nyingi, sumu ikajikusanya mwilini, hata akashindwa kusimama na shingo ikapinda. Mbwa wakila nyama ya mnyama huyo, nao hudhurika.

Mtu atasema, "Lakini ng'ombe ana akili, hawezi kula kitu kibaya." Ni kweli kwamba mnyama aliyeshiba huupita mmea huu bila kuutazama. Sasa fikiria kiangazi. Nyasi zimekauka, vichaka vimebaki vijiti, na katikati ya udongo mwekundu kuna mmea mmoja tu uliobaki wenye maji na maua yanayong'aa. Mbuzi mwenye njaa afanyeje? Ukame, unaoiua mimea mingine, ndio unaompeleka mnyama kwenye mmea huu.

Hapa kwetu hatari hiyo inajulikana. Mwongozo wa mimea ngeni na mimea vamizi ya Afrika Mashariki uliotungwa na Arne Witt na Quentin Luke na kuchapishwa mwaka 2017 unaitaja mimea hii. Wala Wakenya si wageni wa mapambo na misaada iliyogeuka adha. Gugu maji lenye ua lake zuri la zambarau lilitoka Amerika Kusini, likasambazwa ulimwenguni kwa ajili ya uzuri wake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaingia Ziwa Victoria na kuwafungia wavuvi njia. Mathenge uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzuie jangwa na uwape watu kuni. Kufikia mwaka 2006, wakazi wa huko walikuwa wameishtaki serikali jijini Nairobi kwa sababu ya mti huo, huku wakimtoa mbuzi aliyeng'oka meno kuwa ushahidi.

Katika visa hivyo vyote hakuna aliyekusudia mabaya. Mimea ilipokelewa kwa mikono miwili, na hakuna aliyeuliza itafanya nini ikishatoka ilipowekwa.

SAFARI YA KWENDA USHAGO

Hapo ndipo unapoingia wewe, msomaji wa mjini.

Desemba ikifika, familia nyingi hufunga mizigo kwenda mashambani. Mkate, sukari, majani ya chai na kanga ya nyanya haviwezi kukosa. Kisha mama wa nyumba hulitazama lile shada la kengele pale dirishani na kujiambia kwamba mama mkwe angelipenda mbele ya nyumba yake, tena halimsumbui kwa maji. Vitoto sita vinafungwa ndani ya gazeti na kutiwa mkobani.

Zawadi hiyo ni ya upendo mtupu. Lakini nyumba ya mama mkwe haina roshani. Ina uwanja, na nyuma ya uwanja kuna zizi, na mbele ya zizi kuna njia wanayopita ndama kila asubuhi. Kuku wanachakura kila mahali. Baada ya misimu miwili ya mvua, kengele hizo zitakuwa zimeshuka hadi mtoni. Mwaka ambao mvua itakosekana, ajuza huyo ataamka akute mbuzi wa karo ya shule amelala chali, na hakuna atakayekumbuka ile zawadi ya Krismasi.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza na iliyo kuu ni hii: mmea huu usisafiri. Usiupeleke mashambani, usiupande kaburini wala kwenye ua wa shule, na usimpe mtu anayefuga. Aliyekuomba mche kwa ajili ya boma lake la mifugo, mweleze ukweli. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mjini nako usidhani uko salama kabisa. Wako wanaofuga sungura na kuku nyuma ya nyumba, na mbuzi hurandaranda mitaani wakila takataka. Chipukizi unazotupa mtaroni hazipotei. Mitaro ya Nairobi huingia mito ya Nairobi, mito hiyo humwaga maji yake Athi, na maji ya Athi hupita penye malisho ya watu hadi kufika Bahari Hindi karibu na Malindi. Njia yote hiyo ni njia ya kitoto kimoja cha kijani kinachoelea.

WATOTO NA DAWA ZA KIENYEJI

Mtoto mdogo huvutiwa na kengele hizo na hupenda kutia kila kitu kinywani. Weka chungu mahali asipofikia, na umfunze aliye mkubwa kwamba ua hili ni la macho tu. Mtoto akila mmea huu, usingoje uone dalili. Mpeleke hospitalini upesi, na uchukue kipande cha mmea wenyewe ili daktari ajue anashughulikia nini.

Aidha, katika nchi nyingi watu hunywa maji ya majani ya Kalanchoe pinnata kama dawa ya kikohozi na maradhi mengine. Usifuate desturi hiyo kwa kusikia tu. Mimea hii hufanana na mtu huweza kuchuma usio wenyewe, na sumu inayocheza na mapigo ya moyo si ya kupimwa kwa kijiko cha jikoni, hasa kwa mzee au mgonjwa anayetumia dawa za moyo.

SHERIA ZA CHUNGU

Ukiamua kuuweka mmea huu nyumbani, na hakuna ubaya kufanya hivyo jijini, basi ufunge kwa masharti haya.

Kwanza, ukae chunguni daima, na chungu kikae juu ya sakafu ya saruji au sahani pana, si juu ya udongo. Pili, kila Jumamosi okota vitoto vilivyodondoka, ndani ya chungu na nje yake. Tatu, maua yakianza kunyauka, likate shina lake kabla halijatoa mbegu. Nne, usiutupe mmea huu ukiwa hai, iwe ni jalalani, mtaroni au kwenye shimo la mboji. Mboji kwake ni karamu.

Njia nyepesi ya kuangamiza vitoto ni kuvitia ndani ya ndoo kuukuu na kuvimwagia maji yaliyochemka. Vikishalainika na kubadilika rangi, havitaota tena.

Na ikiwa umeshachelewa, mmea ukawa umetawala kona ya bustani, usikate tamaa. Ngoja mvua ilainishe udongo, vaa glavu, ung'oe kila shina pamoja na mizizi. Fanya kazi hiyo polepole, kwa maana ukivuta kwa hasira vitoto huruka huku na huko na utakuwa umepanda unapodhani unang'oa. Tia kila kitu ndani ya gunia, ufunge mdomo, uliache juani mpaka vilivyomo vioze kabisa, kisha uviteketeze mahali panaporuhusiwa au uvifukie chini sana. Rudi pale pale baada ya mwezi uokote vilivyochipuka, na uendelee kukagua kila baada ya mvua kwa miaka kadhaa, kwa sababu mbegu zilizobaki udongoni zina subira kukushinda.

UNGEPENDA KITU KINGINE?

Ikiwa masharti hayo yamekuchosha kabla hujaanza, yapo maua mengine yasiyotaka maji mengi.

Katika vitalu vya kando ya barabara utapata Kalanchoe blossfeldiana, ile fupi yenye majani ya kijani yanayong'aa na vishada vya maua madogo mekundu, ya manjano au ya waridi yanayotazama juu. Nayo ni ya Madagaska, lakini haidondoshi vitoto. Itakaa ulipoiweka. Hata hivyo, isiliwe na mtoto wala mnyama, kwa kuwa nayo ina sumu.

Kama ni kengele zinazoinama ndizo ulizozipenda, mbona usipande mshubiri wa kienyeji? Kenya imejaliwa aina nyingi za mshubiri, zenye mashada ya maua mekundu, ya chungwa au ya manjano yanayoning'inia kama mirija midogo. Huvumilia ukame, na wale ndege wadogo wanaong'aa waitwao chozi huja kunyonya asali yake. Nunua mche uliokuzwa kitaluni, usiende kuung'oa porini. Huo ndio wa kumpelekea mama mkwe.

Mwisho, ikiwa leo familia yote iko nyumbani, fanyeni jambo moja baada ya chakula cha mchana. Nendeni pamoja na watoto mkakague pembe za roshani, vyungu vya jirani vinavyopakana na vyenu, mfereji wa paa na ufa ulio karibu na bomba la maji. Kila mtoto ahesabu vitoto atakavyookota nje ya chungu, na atakayepata vingi zaidi apewe heshima ya kuwa mlinzi wa ua. Mkipata kimoja tu, mmewahi. Mkipata hamsini, anzeni kuchemsha maji.